Daftari la Chuma na Daftari la Nyumba

Hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa hekalu wakati wa maadhimisho



Tumepewa heshima kubwa kusema mbele yenu katika siku hii ya furaha. Halmashauri imetuomba tuzungumze juu ya jambo linalotajwa siku hizi kila mahali, yaani uendelevu: namna ya kuishi na kufanya kazi leo bila kuwaachia wajukuu wetu deni ambalo hawakulikopa. Sisi si wanazuoni. Elimu yetu iliishia sekondari, na iliyosalia tumeipata kwenye mizani, kwenye tanuri na kwenye vitabu vya hesabu. Kwa hiyo tutasema kama wafanyabiashara wa chuma tunavyojua kusema, kwa kupima na kuhesabu. Waswahili walikwisha kutuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Twaomba basi tufungue madaftari mawili, la chuma na la nyumba, tuone kama hayasomeki kwa namna moja.

Chuma ni amana

Wapo wanaodhani kwamba kazi ya chuma ililetwa katika nchi hii na meli na reli. Sivyo. Huko Buhaya, mkoani Kagera, wenyeji waliyeyusha chuma yapata miaka 1500 hadi 2000 iliyopita. Wafipa wa Rukwa nao walijenga matanuri marefu ya udongo, na kazi hiyo iliendelea hadi karne ya 20. Kwao tanuri lilikuwa na miiko yake na dawa zake, na si kila mtu aliruhusiwa kulikaribia. Huko India nako, mjini Delhi, ipo nguzo ya chuma yenye urefu wa zaidi ya mita 7 na uzito wa zaidi ya tani 6, iliyosimama katika mvua na jua kwa takriban miaka 1600 bila kuliwa na kutu. Na sisi tulio hapa, kila Dussehra tunapozipaka mashine zetu kumkum na kuzivika maua, tunakiri neno lile lile walilolikiri Wafipa: kwamba chombo cha kazi kina heshima yake.

Mahatma Gandhi, mzaliwa wa Porbandar katika Gujarat ya mababu zetu, alifundisha kwamba mwenye mali ni mdhamini tu, naye ameshika mali hiyo kwa niaba ya wengine. Hakuna bidhaa inayolithibitisha fundisho hilo kuliko chuma. Nguo huchakaa ikawa vumbi, chakula huliwa kikaisha, lakini chuma huyeyushwa kikazaliwa upya. Nondo iliyomo katika nguzo za ukumbi huu huenda jana ilikuwa ekseli ya lori, na kabla ya hapo ilikuwa reli. Sisi tunaoiuza tumeishika kwa muda tu.

Sasa tuje kwenye hesabu. Dunia hutengeneza zaidi ya tani bilioni 1.8 za feleji, yaani chuma imara cha viwandani, kila mwaka. Sehemu kubwa hutokana na madini yanayochomwa kwa makaa ya mawe, na kwa wastani kila tani moja ya feleji hutoa karibu tani 2 za hewa ya ukaa. Ndiyo maana kazi yetu peke yake huchangia kati ya asilimia 7 na 9 ya hewa ya ukaa inayotokana na kuchoma makaa, mafuta na gesi duniani. Tani moja ya chuma chakavu inapoyeyushwa kuwa chuma kipya, huokolewa zaidi ya kilo 1400 za mawe ya madini, kilo 740 za makaa ya mawe na kilo 120 za mawe ya chokaa.

Viwanda vingi vya chuma hapa nchini haviyeyushi madini. Huyeyusha chuma chakavu, au skrepa kama vijana wanavyosema, na vingine hutumia mapande ya chuma yanayoletwa kutoka nje. Kwa hiyo yule kijana apitaye mitaani na mkokoteni wake, akinunua jiko bovu na bati lililotoboka, ndiye mwanzo wa mnyororo wetu. Bila yeye tanuri halina chakula.

Hadi hapo mtasema kwamba biashara yetu ni njema na hotuba imekwisha. Haijaisha, kwa maana kurejeleza chuma si thawabu hadi yajibiwe maswali matatu: kimetoka wapi, moshi wake unakwenda kwa nani, na kitadumu muda gani.

Kimetoka wapi?

Mmeona wenyewe mitaro isiyo na mifuniko, na watoto wakiiruka waendapo shule. Mmeona alama za barabarani zilizokatwa zikabaki fito tupu. Vyuma vya minara ya umeme hufunguliwa usiku, na vifungo vya reli hung'olewa. Vitu hivyo haviliwi na mchwa. Vinauzwa, na palipo na kuuzwa pana aliyenunua. Polisi wanaweza kumkamata mwizi mmoja mmoja, lakini mwenye kiwanda anaweza kuufunga mlango wote kwa siku moja, akikataa mfuniko wa mtaro kuingia getini mwake, hata ukiwa umevunjwa vipande, na akitaka kila muuzaji aandikwe jina lake na mzigo wake.

Twajua jibu linalotolewa: nikikataa mimi, atanunua jirani yangu. Ni kweli, na mara nyingine hutokea hivyo hivyo. Atakayewaambia kwamba uendelevu hauna gharama hajawahi kulipa mishahara ya mwisho wa mwezi. Lakini lori likianguka kwa sababu alama ya kona imeyeyushwa kuwa nondo, gharama hiyo huandikwa katika daftari la nani? Dharma haituulizi jirani alinunua nini.

Katika swali hilo hilo imo mizani. Kijana wa mkokoteni hana mizani yake. Huamini ya kwetu. Kilo mbili zikipunjwa kwa kila mzigo, tajiri hatajirika sana, lakini yule kijana hulala na njaa, na kesho ataona haya kidogo zaidi kukataa chuma cha wizi. Pia isiwe kwamba aliye nyuma ya mkokoteni ni mtoto aliyepaswa kuwa darasani.

Tena chuma chakavu hutaka kuchambuliwa. Mtungi uliofungwa, shokomzoba, au kopo lenye maji ndani, likizama katika chuma kilichoyeyuka, hulipuka na kumwagia mfanyakazi moto. Shaba nayo, ile ya nyaya za mota, ikishaingia ndani ya chuma haitoki tena katika matanuri yetu. Huongezeka kila chuma kinapoyeyushwa, hadi chuma hicho kinapasuka kikipitishwa kwenye rola. Chuma hakifi, lakini huchafuka, na uchafu huo hurithiwa. Kwa sababu hiyo yule anayechambua uani, kwa mikono yake na sumaku, hufanya kazi kubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani, naye anastahili glavu, viatu na mshahara unaolingana na kazi hiyo.

Moshi unakwenda kwa nani?

Kuyeyusha tani moja ya chuma chakavu katika tanuri la umeme hutumia takriban yuniti 600. Yule mteja mdogo wa nyumbani ambaye matumizi yake hayazidi yuniti 75 kwa mwezi angeutumia umeme huo kwa miezi minane. Tunamwomba kila mwenye kiwanda aiweke hesabu hiyo mbele ya macho yake. Mfuniko wa tanuri ukiachwa wazi, joto hupaa. Chuma kilichojaa kutu na mchanga hula umeme bila kutoa chuma. Pande lililotoka tanurini likiachwa uani lipoe, kisha lipashwe moto tena kabla ya kupita kwenye rola, mafuta hayo yamechomwa bure. Nayo maji ya kupoza yanaweza kuzunguka katika matangi yakatumika tena na tena badala ya kumwagwa mtaroni.

Umeme wenyewe unatoka wapi? Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2115, na umeme wa maji hauna moshi. Lakini Mto Rufiji hauanzii bwawani. Hulishwa na Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, na mito hiyo hulishwa na misitu na mabonde ya mbali ambayo wengi wetu hatujayaona. Mti uliokatwa huko kwa ajili ya gunia la mkaa linalouzwa Kariakoo ni maji yaliyopungua mtoni, na maji yaliyopungua mtoni ni tanuri lililozimwa Dar es Salaam. Hapo ndipo jiko la nyumbani na tanuri la kiwandani vinapokutana.

Umeme ukiwa safi, tanuri lenyewe bado lina moshi wake. Mabati yenye zinki hutoa moshi mweupe, rangi na mafuta hutoa moshi mweusi, na vumbi lake ni la vyuma. Kiwanda chenye nidhamu huuvuta moshi huo na kuupitisha katika mifuko ya kuchuja. Vichujio hivyo vina feni kubwa, na feni hizo hula umeme. Basi hapo ndipo kishawishi kilipo: usiku, wakaguzi wamelala, ni rahisi kuzima feni na kuokoa fedha. Moshi wa usiku hauonekani, lakini hupumuliwa vilevile, na mara nyingi aupumuaye ni mtoto wa mfanyakazi wetu, aliyepanga chumba karibu na ukuta wa kiwanda ili baba yake aende kazini kwa miguu.

Majirani zetu wa Kenya wamepata somo zito juu ya jambo hili. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kimoja cha kuyeyusha betri chakavu kiliwatia wakazi sumu ya madini ya risasi, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwaamulia fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kazi ile nayo iliitwa urejelezaji.

Huko Gujarat pia, kwenye ufuo wa Alang katika wilaya ya Bhavnagar, tangu mwaka 1983 meli kuukuu huvutwa hadi mchangani zikakatwa, na mabamba yake huviringishwa kuwa nondo. Ni chuma chema, kisichohitaji hata kuyeyushwa. Lakini watu wengi wameumia na kufa hapo kwa moto, kwa gesi na kwa vyuma vilivyoanguka. Mkataba wa kimataifa wa Hong Kong unaohusu uvunjaji salama wa meli ulianza kutumika tarehe 26 Juni 2025, zaidi ya miaka 40 baada ya meli ya kwanza kuvunjwa Alang. Sisi tusingoje mkataba ili kumpa mfanyakazi kofia.

Yako na yale masalia yanayoelea juu ya chuma kilichoyeyuka, ambayo wahunzi wa zamani, mtuwie radhi kwa kuyataja hekaluni, waliyaita mavi ya chuma. Hata hayo yana kazi: yakipoa na kupondwa, yakapimwa yasiwe na sumu, yanaweza kufukia barabara na viwanja. Yakitupwa bondeni ovyo ni aibu yetu.

Kitadumu muda gani?

Swali la tatu ndilo linalosahaulika zaidi. Watu husema kitu ni endelevu kwa sababu kimetengenezwa bila moshi mwingi. Lakini nondo iliyoyeyushwa kwa umeme safi, ikiwa nyembamba kuliko ilivyoandikwa, ni hasara tupu. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 yapasa kuwa na uzito wa karibu kilo 10.7. Hapa kwetu nondo huuzwa kwa kipande, si kwa kilo, na fundi aliye kijijini hana mizani. Mkikuta kipande hicho kina kilo 9, jueni kwamba mmeuziwa upepo.

Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Wengi wenu mnaupita mtaa huo kila siku. Hatusemi kwamba nondo ndizo zilizowaua, kwani jengo huanguka kwa sababu nyingi. Tunasema kwamba aliyetengeneza nondo, aliyeuza saruji, aliyechora na aliyekagua, wote walale wakijua kwamba sehemu yao ilikuwa nzima. Nyumba ya kudumu miaka 100 huokoa chuma kuliko tanuri lolote jipya. Na iliyopo itunzwe, maana usipoziba ufa utajenga ukuta: zege likipasuka, maji ya chumvi ya pwani huifikia nondo, kutu huanza kula kimyakimya, na kurekebisha huko baadaye ni kubomoa.

Daftari la nyumba

Akina mama mtatuambia kwamba haya yote ni ya viwandani. Nasi twasema kwamba ninyi ndio mliokuwa walimu wetu. Bibi zetu waliokuja na jahazi kutoka Kachchh na Saurashtra hawakulijua neno uendelevu. Lakini sari iliyochakaa waliishona ikawa godadi ya kumfunika mtoto, rotli ya jana waliitia bizari ikawa chakula cha asubuhi, na sufuria lililotoboka lilipelekwa kwa fundi kabla ya kupelekwa jaani. Waliita hali hiyo aparigraha, kutojilimbikizia. Majirani zao Waswahili nao walitia nguo viraka, na mvua ya paa waliikinga katika birika.

Maswali yale matatu ya chuma yanaingia jikoni bila kubadilishwa. Kimetoka wapi: mkaa huu ulikuwa msitu gani? Serikali imeweka lengo kwamba kufikia mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Sisi wenye uwezo wa gesi na umeme hatuna sababu ya kungoja mwaka huo, na wafanyakazi wetu wasaidiwe kununua mtungi wa kwanza. Dengu na mbaazi zilizorowekwa usiku, zikapikwa sufuria ikiwa imefunikwa, huokoa moto kama vile mfuniko wa tanuri unavyookoa umeme.

Moshi unakwenda kwa nani: taka tunazotoa mlangoni huishia Pugu Kinyamwezi, kwenye dampo, na huko pia kuna watu na watoto. Zisizofika huko huingia Mto Msimbazi, na mvua za masika huwarudishia wanaoishi bondeni. Nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, tukazoea vikapu kwa wiki chache tu. Basi tusiseme kwamba mazoea hayabadiliki.

Kitadumu muda gani: thali ya chuma kisichoshika kutu aliyopewa bibi harusi miaka 50 iliyopita bado inaliwa leo. Ya plastiki tuliyoigawa katika sherehe iliyopita ilitumika dakika 20.

Yanayoweza kuanza hapa hapa

Mheshimiwa Mwenyekiti, maadhimisho bila azimio ni sherehe tu. Kwa heshima twaiomba Halmashauri ifikirie mambo machache. Kwanza, mahaprasad iliwe katika thali za chuma. Tukila watu 500 mara 20 kwa mwaka, hizo ni sahani 10,000 ambazo hazitatupwa, na vijana wanaoziosha watajifunza seva kuliko kwa hotuba hii. Pili, maua na vifuu vya nazi vya madhabahuni visitupwe baharini ndani ya mifuko. Vioze viwe mbolea ya bustani ya tulsi. Murti za Ganesha ziwe za udongo na rangi za asili, zirudi majini bila kuacha plasta.

Tatu, paa hili. Huko Patan, malkia mmoja wa karne ya 11 alijenga kisima kikubwa cha ngazi, Rani ki Vav, ambacho dunia nzima leo inakitambua kama urithi. Sisi hatuhitaji kuchimba mbali hivyo. Dar es Salaam hupata mvua ya zaidi ya milimita 1000 kwa mwaka. Kila mita 500 za mraba za paa hupokea zaidi ya lita 500,000. Hata tukikinga nusu yake, bustani na sakafu hazitahitaji maji ya bomba.

Nne, kabla ya Diwali kila familia husafisha nyumba. Iwekwe siku moja ya kuleta hapa vyuma chakavu vyote, na auziwe mnunuzi mwenye leseni na mizani iliyokaguliwa. Fedha zitakazopatikana zilipe ada za watoto wa wachambuaji.

La mwisho ni la wafanyabiashara wenzetu. Siku ya Diwali tunapofungua vitabu vipya na kuviombea baraka, tuongeze ukurasa mmoja. Uandikwe yuniti za umeme kwa kila tani, maji tuliyotumia, saa ambazo vichujio vilizimwa, mizigo tuliyoikataa getini, na malalamiko ya majirani. Ukurasa huo hautapelekwa kwa mkaguzi wa kodi. Lakini utakuwa umewekwa mbele ya Lakshmi pamoja na hesabu ya faida, na hatudhani kwamba kuna mfanyabiashara kati yetu atakayethubutu kuandika uongo mahali hapo.

Mungu alibariki hekalu hili, awabariki waliolijenga na watakaolirithi, na aibariki Tanzania.

Jai Shri Krishna.